Uzito wa seva ukibadilishwa usiku, faili nalo libadilishwe

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, saa mbili usiku, seva yetu ya tatu ilianza kuchechemea. Afadhali ingekufa kabisa, maana HAProxy, programu inayogawa wateja kwa seva zetu, ingeiruka yenyewe. Hii ilikuwa inapita ukaguzi wa afya vizuri tu, ila diski ilikuwa imechoka, na mteja aliyeangukia kwake alibaki akitazama kiduara kinazunguka.

Nikapunguza uzito wake, yaani mgao wake wa wateja, hadi robo, kupitia soketi (mlango wa kuiamuru HAProxy ikiwa inaendelea kufanya kazi; "duka" ni jina la kundi la seva):

echo "set weight duka/seva3 25%" | socat stdio /run/haproxy/admin.sock

Dakika chache tu malalamiko yakapungua. Hakuna aliyekatwa, hakuna kilichozimwa. Nikanywa chai, nikalala.

Jumapili mwenzangu akaweka cheti kipya cha TLS (cha usalama wa mawasiliano), akapakia upya mipangilio kama kawaida. Uzito ukarudi 100 palepale. Amri ya soketi hukaa kwenye kumbukumbu ya programu tu, faili la mipangilio, haproxy.cfg, haliguswi. Jumatatu asubuhi simu zikaanza kulia, na wa kwanza kulaumiwa akawa yeye, wakati kosa lilikuwa langu. Tangu hapo, nikigusa uzito kwa soketi, nafungua haproxy.cfg papo hapo na kuandika namba ileile, hata kama ni ya siku moja. Ipo njia ya kuhifadhi hali ya seva kwa "show servers state" na kuisoma tena programu inapoanza, lakini mie naamini zaidi faili ambalo kila mtu wa zamu analifungua.

Asilimia nazo zina mtego. Zinahesabiwa kutoka uzito ulioandikwa kwenye faili, si ule wa sasa, kwa hiyo ukiandika 50% mara mbili hupati robo. Usipoandika uzito wowote, seva inapewa 1, na chini ya 1 kuna sifuri peke yake. Kikomo cha juu ni 256. Mimi huanzia 100.

Na hiyo sifuri isikudanganye. Inazuia wateja wapya, lakini wenye kuki inayowafunga kwenye seva hiyo wanaendelea kuingia. Niliwahi kuiwasha upya seva yenye uzito 0 nikidhani imeshakuwa tupu, kumbe watu walikuwa katikati ya malipo. Sasa naangalia kwanza safu ya scur (idadi ya walio ndani kwa sasa) kwenye amri ya "show stat".

Ukitumia static-rr, njia ya kugawa wateja kwa zamu ambayo uzito wake haubadiliki programu ikiwa kazini, soketi itakukubalia 0 au 100% tu. Njia nyingine kama roundrobin na leastconn hazina shida hiyo.

Ukipokea zamu, uliza hivi:

echo "get weight duka/seva3" | socat stdio /run/haproxy/admin.sock

Mimi Jumatatu ile ningeuliza hivyo kabla ya kelele zote, ningejibiwa "100 (initial 100)" wakati nilikuwa nategemea kuona 25.