Pun choi ni figili

Juzi msomaji mmoja wa Arusha aliniandikia kuhusu pun choi, chakula cha Hong Kong kinachopangwa tabaka juu ya tabaka kwenye beseni moja: "Dada, pun choi yangu kwa juu ilipendeza sana, ila figili za chini zilitoka ngumu na chungu. Nimekosea wapi?" Mdogo wangu, umekosea palepale nilipokosea mimi.

Nimeolewa Yuen Long, Hong Kong, kwenye vijiji vyenye asili ya chakula hiki. Wazee husimulia kwamba mfalme mtoto wa ukoo wa Song alipita huku akiwakimbia Wamongolia, wanakijiji wakawajazia askari wake chakula kwenye mabeseni ya mbao. Mpaka leo jina lenyewe maana yake ni chakula cha beseni.

Mwaka wangu wa kwanza nilitaka ukweni wajue kwamba mtoto wa Kichaga anaweza. Kamba nikawapanga duara, kuku na bata wakang'aa. Figili nyeupe nilizikata asubuhi ileile, nikazitandika chini mbichi, nikijua moto utamalizia. Tulipofika chini, shangazi wa mume wangu aliinua kipande kwa vijiti, akakiuma pembeni, akakirudisha kwenye bakuli lake. Hakusema neno. Nililia jikoni usiku ule, na kusema kweli hadi leo nikikumbuka naumia.

Sasa nisikilize. Kila kitu kipikwe peke yake kabla ya kupangwa. Anza jana yake na kitimoto ya tumboni: ikaange, uichemshe taratibu kwa muda wa saa mbili pamoja na tofu nyekundu iliyochachushwa, soya, tangawizi na anisi ya nyota, kisha ilale kwenye mchuzi wake. Figili zimenye maganda manene, zichemshe kwanza kwa maji matupu, mwaga maji hayo, ndipo uzipike kwenye mchuzi wa kitimoto mpaka kijiti kipenye bila kusukumwa. Hizo ndizo za chini, pamoja na ngozi ya nguruwe na uyoga. Juu yake kitimoto, halafu kuku na bata. Kamba ni wa mwisho, wanaiva haraka. Mimina mchuzi, weka moto mdogo, na usikoroge! Mafuta ya juu yateremke yenyewe.

Ukivivia cha chini kwa sababu hakionekani, wageni watakifikia tu. Heshimu figili, mdogo wangu, narudia, heshimu figili.

Mwaka Mpya wa Kichina uliopita shangazi yuleyule alikula mpaka chini. Akaomba zilizobaki afungiwe aende nazo nyumbani.