Picha Iliisha Karibu Saa Nne, Tukatoka Saa Tano na Nusu

Swali lenu la wiki linauliza: "Mkishatazama pamoja filamu mnayoipenda, mjadala unaongeza utamu au unaupunguza?" Jibu langu ni kwamba inategemea nani kashika kipaza sauti. Nasema hivyo kwa sababu nimekaa pande zote mbili.

Zamani nilikuwa na kibanda umiza hapa Sakina, Arusha. Mabenchi ya mbao, deki moja, televisheni ya inchi 21, kiingilio shilingi mia. Tulijaa mpaka madirishani. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994 tu, na miaka mingi baadaye mtaani kwetu bado waliokuwa nayo walihesabika kwa vidole. Kibandani hakuna aliyengoja picha iishe ndipo aongee. Stelingi akipita mlango ambao adui kajificha nyuma yake, watoto hamsini wanampigia kelele ageuke. Aliyekwisha kuuona mkanda akaanza kusimulia mwisho, huyo tulimtoa nje. Ule ulikuwa mjadala, ila hatukuuita hivyo.

Tangu mwaka jana tuna jioni za filamu za bure, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwenye ukumbi wa mtaa. Projekta ya kuazima, shuka nyeupe ukutani. Mkazi mmoja anachagua picha aipendayo, mwingine anaongoza mazungumzo. Mara ya kwanza aliongoza kijana mmoja msomi, mwenye nia njema kabisa. Akasimama na karatasi yake: "Je, tumejifunza nini?" Kimya. Mwishowe mama mmoja akamwonea huruma, akajibu tumejifunza kuwaheshimu wazazi. Picha yenyewe haikuwa na mzazi hata mmoja.

Jioni iliyonigeuza ni ile tuliyoonyesha Hatari!, ya Howard Hawks, mwaka 1962, iliyopigwa huku huku kwetu, Momella, kwenye miguu ya Mlima Meru. Aliyeichagua ni mzee wa duka la vipuri. John Wayne kakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, mkononi fimbo ndefu yenye kitanzi, anafukuza vifaru na twiga wapelekwe kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Hakuna sindano ya usingizi, ni mbio tupu, na waigizaji wenyewe ndio waliomo kwenye hizo mbio. (Mmoja wao, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda Momella hadi akanunua shamba.) Ukumbi ulilipuka kama kibanda changu cha enzi zile. Nusu ya kelele zilikuwa za kubishana: pale si njia ya Usa River? Ule mlima mbona unaonekana kwa upande ule?

Aliyeongoza ni mwalimu mstaafu. Alingoja taa ziwake, watu wajinyooshe, kisha akauliza swali moja tu: "Nani anaikumbuka sura ya mmoja wa wale Waafrika walioshika kamba?"

Kimya tena, lakini hiki hakikuwa cha kumhurumia mtu. Dakika 157 tumewatazama watu wa rika la babu zetu, kwenye ardhi tunayoijua, na vichwani tumebaki na Wazungu watano na watoto watatu wa tembo. Mzee wa vipuri akakasirika. Hii ni picha ya utoto wangu, Mwalimu, usinichafulie. Binti wa kidato cha tatu akauliza kama vifaru hawa hawa tunaowalinda kwa bunduki leo ndio waliokuwa wakifukuzwa na magari kwa starehe. "Ilikuwa kazi, mwanangu, si starehe," mzee akamjibu. Mama wa mgahawa akasema yeye kacheka na wale tembo mpaka machozi na hatamwomba mtu radhi. Ndipo mlinzi akaanza kutikisa funguo.

Kibandani kwangu jioni kama ile isingewezekana, na kosa lilikuwa langu. Picha ikiisha nilikuwa nawafukuza watu mlangoni ili wa zamu ya pili waingie na shilingi mia zao. Bure maana yake si kwamba asiye na hela anaingia tu. Maana yake hakuna mwenye haraka ya kukutoa.

Kwa hiyo ndiyo, mjadala unaongeza utamu, kwa masharti yangu mawili. Aliyechagua picha asiwe yeye anayeongoza, maana ataitetea kama mwanawe. Na wakati picha inaendelea watu waachwe wapige kelele. Kuna wanaotaka ukumbi mtulivu kama kanisani, nami sikubaliani nao hata kidogo.

Mzee wa vipuri hajamsalimia Mwalimu vizuri tangu siku ile. Ila juzi alipita kwangu kuuliza kama projekta yetu inaweza kusimamisha picha katikati. Anataka tuirudishe ile sehemu ya kamba, polepole, atazame sura.

Msomaji, Sakina, Arusha