Kabla Hujamwambia Abiria "Tutalifanyia Kazi"

Juzi nilikuwa Stendi ya Magufuli pale Mbezi, nimekaa nyuma ya kaunta yetu nasubiri gari la Mwanza liingie. Lilipoingia, abiria mmoja akaja moja kwa moja na tiketi yake mkononi: siti namba 9 mgongo umekatika, toka Singida kaja amelalia magoti ya mtu wa nyuma. Meneja mpya wa kituo, kijana mzuri tu, shahada anayo, tai kavaa, akamjibu, "Kama hutaki basi, si upande ndege?" Wakatisha tiketi wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, maana sentensi ile ni yangu. Nimeitumia miaka mingi kwenye stendi yetu ya zamani, Ubungo, kumbe nimewarithisha.

Basi nawaandikia nyie mliopewa vyeo mwaka huu. Mambo ya mizani, manifesti (orodha ya abiria) na zamu za madereva mnayajua, pengine kunizidi. Hili la kusikiliza abiria ndilo naona mnalirudia kosa kwa kosa, kama mnasoma kwenye daftari langu.

1. Namba ya simu iliyoandikwa nyuma ya gari, ipigeni wenyewe. Ya kwetu iliita miaka miwili kwenye simu ya mhasibu aliyekwisha acha kazi. Nasikia aliwajibu abiria vizuri kuliko sisi.

2. Boksi la maoni liwe na ufunguo, na mjue uko kwa nani. La Ubungo tulilivunja kwa bisibisi siku ya kuhama. Ndani mlikuwa na maganda ya pipi, shilingi mia mbili, na karatasi moja: "Dereva wenu anachat kwenye kona za mlima Kitonga." Haina tarehe. Mpaka leo sijui ni dereva yupi, wala kama bado yuko kwetu.

3. VTS, kile kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, isiwadanganye. Kitakuonyesha gari lilizidi kilomita 80 kwa saa au halikuzidi. Dereva anayesinzia kwenye 75 hakioni. Anayemwona ni yule mama wa siti ya mbele, ambaye akipiga simu mnamwita mlalamishi.

4. Hapa naomba mnivumilie.

Mwaka 2017 nilikuwa meneja wa operesheni. Tulikuwa na mteja Mwanza, mama mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kila wiki anatupa gunia saba, nane, kwenye buti, na wenzake wanamfuata. Nyie mnajua: abiria analipa dizeli, mzigo ndio unalipa mishahara.

Mvua zilipoanza akapiga simu: magunia yanafika Dar yamelowa. Nikamwambia tutalifanyia kazi. Wiki ya pili akamtuma kijana wake aandike kwenye daftari la malalamiko. Nikalisoma, nikapiga sahihi, nikaandika "Imeonwa." Nakumbuka nilimwambia kondakta, "Dagaa wametoka majini, wanaogopa maji?" Tukacheka sana siku ile.

Wiki ya tatu akaja mwenyewe. Kasafiri na gari letu kutwa nzima, kaingia ofisini hajaoga, kakunjua gazeti juu ya meza yangu. Dagaa walikuwa wameshikana kama kiporo cha ugali, na ukungu wa kijani umewaota. Harufu ikajaa chumba. Akasema, "Mwanangu, sikuja kudai fidia. Nimekuja uone." Mimi nikatazama saa. Nikamwambia, "Sawa mama, nimeona, tutalifanyia kazi." Akakunja gazeti lake taratibu, akaondoka nalo. Hata kiti sikumpa.

Miezi mitatu baadaye mzee mwenye kampuni akaniita. Mapato ya mzigo Mwanza yamekatika nusu. Akaniuliza, "Hakuna mtu aliyelalamika?" Nikajibu, "Hakuna, mzee." Yeye akafungua droo, akatoa daftari la malalamiko, akaanza kulifungua ukurasa mmoja mmoja, hasemi neno. Kila ukurasa sahihi yangu. Imeonwa. Imeonwa. Imeonwa. Laiti angenitukana.

Tatizo lenyewe lilikuwa mpira wa mlango wa buti. Umechanika upande wa chini, gari likikanyaga dimbwi maji yanapanda ndani. Bei yake haikufika nauli ya mtu mmoja kwenda Mwanza. Fundi alikuwa ameuandika kwenye daftari la gereji mara mbili, nalo nilikuwa nalipigia sahihi.

Nikaenda Mwanza kuomba radhi. Mama wa watu akanipa chai na maandazi, akaniuliza habari za watoto, akanisindikiza mpaka barabarani. Mzigo hakunipa. Wenzake nao hawakunipa.

5. Si kila anayelalamika anasema kweli. Yuko mmoja alidai begi lenye laptopu limepotea, na kamera ya stendi ikamwonyesha kapanda na mfuko wa machungwa. Lakini hata huyo msikilize umalize. Na yule mwenye haki ukimzungusha, ujue LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, wako, na Baraza la Watumiaji wa usafiri huo liko, na huko utajibu kwa barua yenye muhuri.

6. Msiilaumu treni kwa kila kitu. SGR, treni ya umeme, ilipoanza kwenda Dodoma Julai 2024, vikao vyetu viligeuka matanga: treni imetumaliza! Kweli, hakuna basi litakalokimbizana na chombo cha kilomita 160 kwa saa. Lakini nilirudi kwenye yale madaftari ya zamani, nikasoma abiria wa Dodoma walikuwa wanalia nini. Gari halitoki kwa muda wa kwenye tiketi. Linaokota watu njiani mpaka wengine wanakaa kwenye ndoo. Kuchimba dawa ni porini, mama na mkwewe kichaka kimoja. Chakula ni pale tu dereva anapokula bure, na chipsi bei ya kuku. Walituambia miaka yote hiyo, kabla hata reli haijatandikwa. Treni ilipokuja walikuwa wameshafunga mizigo.

Wa Mwanza, Bukoba na Tunduma bado tunao.

Na wewe kijana wa tai, najua unasoma hapa. Nilimfuata yule abiria nje, nikampa pole na soda. Leo asubuhi nimepanda lile gari kukagua. Siti namba 9 imefungwa kamba ya katani. Bolti zipo stoo, rafu ya pili kushoto, fundi anaingia saa mbili, na gari linatoka kesho saa kumi na mbili alfajiri.