Mtoto aende shule kwa miguu? Maswali yenu na majibu

Tangu shule zifunguliwe, maswali mengi yanayonifikia ni ya safari ya asubuhi: nani atembee, nani asitembee, baiskeli je, bodaboda je. Leo najibu sita.

Mwanangu yuko darasa la pili, ana miaka 7. Shule iko kama kilomita moja na nusu, ila kuna barabara ya kuvuka. Naweza kumwachia aende mwenyewe? – Mama, Tabata

Bado, dada yangu. Kutembea atembee, tena kila siku, lakini na mtu mzima. Mtoto wa umri huo hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalokuja, na akisikia honi anaweza asijue imetoka upande gani. Wengi huanza kuliweza jambo hilo wakifika miaka 9 au 10, na hata hapo inategemea barabara yenyewe.

Siku moja nilikuwa na binti yangu kituoni, daladala imesimama mbele yetu. Nikamwambia aangalie kama kuna gari. Akasema hakuna. Mimi nilikuwa naiona kabisa Noah inakuja. Nikachuchumaa mpaka macho yangu yakalingana na yake. Kilichokuwepo ni tairi la daladala, matope yaliyogandia kwenye bodi, na kipande kidogo cha anga. Mtoto hakudanganya, kwa kimo chake, gari halikuwepo. Tangu siku ile simwambii mtoto "angalia" kabla sijachuchumaa nikaona anachokiona yeye.

Kwa hiyo mfundishe njiani. Wiki ya kwanza mshike mkono, umweleze kila unachofanya: tunasimama kabla ya ukingo, tunatazama kulia, kushoto, kulia tena, tunasikiliza. Wiki ya pili yeye ndiye akuvushe wewe. Aseme "sasa twende", nawe umzuie akikosea. Baadaye mfuate kwa nyuma, hatua ishirini, bila kusema neno. Pasipo na njia ya miguu mpite upande wa kulia, ili magari yaje mkiyaona usoni. Na asivuke kamwe mbele au nyuma ya daladala iliyosimama. Aisubiri iondoke.

Nalipia basi la shule, lakini kijana wangu wa darasa la sita anaomba atembee na wenzake. Ni dakika 20 tu. Naona watu watasema nimeishiwa. – Baba, Mbezi

Watasema siku mbili, kisha watanyamaza. Hebu angalia basi linamchukua saa ngapi. Watoto wengi wa jiji hili wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa sababu basi linazunguka kuokota wengine. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Aliyelala saa nne usiku akaamshwa saa kumi na moja amepata saa 7, na zilizobaki anazifidia darasani, kichwa kikiwa juu ya dawati.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Kijana wako akienda na kurudi amepata 40, na mpira hajaugusa. Pitia naye njia nzima mara moja, uwajue hao wenzake, kisha mruhusu. Tena ameomba mwenyewe!

Masika yakianza tufanyeje? – Bibi, Kigogo

Shikamoo bibi. Manyunyu si neno: koti la mvua, malapa miguuni, viatu na soksi kwenye mfuko mpaka getini. Mvua kubwa ni habari nyingine. Maji yakishafunika barabara, mtaro hauonekani, na mfuniko wa chemba huenda haupo. Siku hiyo mjukuu abaki nyumbani, mwalimu apigiwe simu.

Shule yetu ya msingi inapakana na barabara ya lami. Hakuna tuta wala pundamilia. Tuwahimizeje watoto watembee? – Mwalimu, Chanika

Mwalimu, swali lako ndilo lililoninyima usingizi. Tunaweza kumfundisha mtoto mpaka akajua kila kitu, na barabara ya namna hiyo ikamshinda. Gari la kasi ya kilomita 50 kwa saa linahitaji takriban mita 28 kusimama, tangu dereva aone hatari. La kilomita 30 linahitaji kama mita 13. Simama mbele ya geti lako, upime mita 20 kwa hatua, halafu mfikirie mtoto anayeukimbilia mpira.

Dawa ipo, na imejaribiwa hapahapa Dar es Salaam. Shirika la Amend, kupitia mpango wake uitwao SARSAI, lilizichunguza njia ambazo watoto wanapita kweli, likaweka matuta, vivuko, alama, njia za miguu na nguzo za kuzuia magari yasipande kwa watembea kwa miguu. Mahali pengine geti la shule lilihamishiwa upande uliotulia. Utafiti uliofuatilia kazi hiyo ulionyesha majeraha ya watoto barabarani yalipungua kwa takriban asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya utafiti ya WRI, iitwayo WRI Ross. Kilichotumika ni zege, rangi na vyuma, vitu vinavyouzwa kila mahali.

Anzeni na daftari. Kwa siku tatu, saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, mwalimu wa zamu ahesabu watoto wanaovuka na aandike wanavukia wapi. Pigeni picha. Kamati ya shule iandike barua kupitia serikali ya mtaa: barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA. Nakala iende kwa diwani na kwa trafiki. Tuta msijenge wenyewe, maana tuta lisilo na alama linaweza kumuua mtu wa pikipiki usiku. Mkijibiwa hakuna bajeti, rudini mwezi ujao na daftari lilelile lililoongezwa kurasa. Mkiwa mnasubiri, mtu mzima aliyefunzwa na trafiki, mwenye kizibao kinachong'aa, awavushe watoto kwa makundi.

Binti yangu ana miaka 12. Bodaboda mmoja amekuwa akimpa lifti ya bure akitoka shule. Nikatae? – Mama, Morogoro

Kataa leo hii. Lakini usimgombeze binti. Akiogopa kufokewa, hatakwambia siku lifti itakapoanza kudaiwa malipo. Mwambie jibu la kutoa, fupi: "Mama amekataa." Nenda na baba yake au mjomba mpaka kijiweni, mzungumze na mwenyekiti wa kijiwe, huyo kijana akiwepo. Tafuta majirani wanne wenye watoto wa shule hiyo, watoto watembee pamoja na mzazi mmoja awasindikize kwa zamu. Ukiona dalili za kitu kibaya zaidi, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Mimi niko darasa la tano. Babu amenipa baiskeli. Naweza kwenda nayo shule? – Mwanafunzi, Tanga

Hongera, mwanangu! Kaa kwenye kiti: vidole vya miguu vinagusa chini? Kama havigusi, babu ashushe kiti. Isukume huku umefinya breki zote mbili; matairi yakiendelea kuzunguka, iende kwa fundi kwanza. Baiskeli hupita kushoto, upande mmoja na magari, si kama unapotembea. Ukifika barabara kubwa shuka, uvuke ukiisukuma. Usimbebe rafiki kwenye keria hata akikubembeleza, na mwombe babu kofia ngumu.

Mwulize mwalimu pa kuifungia. Kama shule haina mahali, mti, mnyororo na kufuli vinatosha. Jumapili hii, barabara zikiwa zimetulia, nenda na babu mpaka shuleni na kurudi, umwonyeshe na huo mti.