Zuhura, Babeli na slaidi zangu kumi na moja: kwa mnaoanza kusoma ngano za kale na majanga ya sayari

Mwaka wa pili chuo, semina ya jiolojia, nilisimama mbele ya watu na slaidi kumi na moja nikawaambia Zuhura zamani haikuwa sayari, ilikuwa nyotamkia iliyochomoka kwenye Mshtarii, ikapita karibu na dunia kama mwaka 1500 KK, bahari ikagawanyika, na ile mana ya jangwani iliwashukia Wana wa Israeli kutoka mkiani mwake. Ushahidi wangu ulikuwa kibao kimoja cha Babeli, yaani bamba la udongo lenye maandishi ya kale. Nilikuwa sijalala siku mbili. Darasa kimya. Afu lekchara, mzee mpole ambaye hata sauti hapandishi, akauliza swali moja tu: "Hicho kibao chako cha Babeli kimeandikwa lini?" Nikaanza kujibu, na kabla sijamaliza nikajisikia mwenyewe kwamba kwisha habari yangu.

Sasa kila mwaka naona wadogo zangu wanaingia kwenye haya mambo kwa mlango uleule niliopitia mimi, video moja ya saa mbili usiku, muziki wa kutisha, picha za piramidi, na kesho yake mtu anataka kuandika tasnifu. Sikatazi mtu. Ni somo tamu na kuna kazi halali kabisa ndani yake, ila kuna vitu ningeambiwa mapema ningeokoa mwaka mzima.

Mtu mtakayekutana naye kwanza ni Immanuel Velikovsky. Alizaliwa Vitebsk 1895, kwa fani alikuwa daktari wa akili, sio mwanafalaki wala msomaji wa vibao, na kitabu chake cha 1950 kiliuzwa kama njugu. Alichofanya ni kukusanya ngano za Wayahudi, Wagiriki, Wababeli, Wamisri, Wameksiko, akaziweka meza moja akasema hizi zote ni ripoti za matukio yaleyale. Zuhura ilipita karibu na dunia, afu miaka ya 700 KK na kitu Mirihi nayo ikaja kusumbua. Wanasayansi wa Marekani wakakasirika mpaka wakatishia kugomea vitabu vya kiada vya mchapishaji wake, Macmillan, na Macmillan akakiachia kitabu kwa Doubleday kikiwa bado moto sokoni. Mi naona lile lilikuwa kosa kubwa sana, maana hadi leo ukimwambia shabiki wake kwamba hoja haisimami anakujibu "mbona walimwogopa?" na hapo mjadala umekufa.

Turudi kwenye kibao changu. Kinaitwa kibao cha Zuhura cha Ammisaduqa, ni cha 63 kwenye mfululizo mrefu wa ishara za angani wa Wababeli, Enuma Anu Enlil. Nakala zilizotuelekeza kwake zilifukuliwa Ninawi kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal, karne ya 7 KK, lakini kilichonakiliwa ni cha zamani zaidi, na hili mlishike, umri wa kopi sio umri wa maneno yaliyomo. Mwaka 1912 padri Mjesuiti anaitwa Kugler alishtukia kwamba katikati ya kibao kuna maneno ya "mwaka wa kiti cha dhahabu", ambayo ndio jina la mwaka wa 8 wa mfalme Ammisaduqa wa Babeli. Wataalamu wanabishana miaka kamili ya huyo mfalme lakini hata ukichukua hesabu inayomsogeza karibu nasi kuliko zote bado anaangukia kabla ya 1500 KK. Na kibao kinasema nini? Kwa miaka 21 kinaandika Zuhura imepotea magharibi tarehe fulani, imekaa siku kadhaa haionekani, imetokea mashariki tarehe fulani, mavuno yatakuwa mazuri au mfalme atatuma salamu kwa mfalme mwenzake. Yaani Zuhura ileile inayofanya kilekile inachofanya leo, kabla hata haijachomoka popote kwa mujibu wa slaidi zangu.

Hesabu yake mnaweza kufanya kwenye simu. Zuhura inarudia mzunguko wake wa kuonekana kila siku 584 hivi. Zidisha kwa 5 unapata 2920. Chukua 365 zidisha kwa 8, unapata 2920. Ndo maana kila baada ya miaka 8 inarudi karibu palepale kwa msimu uleule, na safu nyingi za kibao zinakubaliana na mwendo huo.

Ila mimi sikuwa nimesoma safu nyingi, nilikuwa nimesoma moja, ile Velikovsky anayoipenda, inayosema Zuhura ilipotea tarehe 11 mwezi wa Sivan ikakaa miezi tisa na siku nne ndipo ikaonekana tarehe 15 Adari. Kawaida ikipita kati yetu na jua inapotea siku chache, ikipita nyuma ya jua inapotea kama miezi miwili, so miezi tisa inaonekana kweli ni ajabu ya mbinguni. Lakini hesabu yenyewe, Sivan ni mwezi wa tatu, Adari wa kumi na mbili, kutoka 11 hadi 15, inatoka sawasawa miezi tisa na siku nne. Maelezo mepesi ni kwamba mwandishi alirithi tarehe moja mbovu, akapiga hesabu yake vizuri kabisa juu ya tarehe mbovu. Kopi ya kopi ya kopi kwa karibu miaka elfu moja, mbona ingekuwa ajabu isingekuwa na makosa. Mimi nilichukua kosa la karani nikalifanya mgongano wa sayari.

Jambo lingine lililoniaibisha ni miungu. Velikovsky anasema mungu wa Wagiriki Athena kuzaliwa kichwani mwa Zeu, ambaye sayari yake ni Mshtarii, ndio Zuhura kutoka Mshtarii, na inavutia, nakubali. Tatizo Wagiriki wenyewe sayari hiyo waliipa Aphrodite, Athena hakuwa sayari yoyote kwao. Velikovsky anamhamisha Aphrodite kwenye mwezi ili kiti kibaki wazi. Ukiruhusiwa kuhamisha miungu hivo unaweza kuthibitisha chochote, hata mimi nikipewa wiki moja nitawathibitishia daladala imetajwa kwenye Biblia. Na tarehe zilipomkatalia alifanya vilevile, alisogeza historia ya Misri kwa karne kadhaa.

Mtaambiwa pia alitabiri Zuhura ni ya moto na ikawa kweli. Ni kweli ni ya moto, chombo cha Warusi, Venera 7, kilitua 1970 na huko ni joto la nyuzi mia nne na sitini na zaidi. Ila yeye alisema moto ni kwa sababu imezaliwa juzi, wakati moto wenyewe unatokana na hewa nzito ya kabonidayoksaidi inayozuia joto lisitoke. Na Mshtarii ni haidrojeni na heli, Zuhura ni mwamba, hapo mama na mtoto hawafanani hata kidogo.

Afu kuna hoja ya "dunia nzima ina hadithi ya gharika". Hii inaua wengi. Watu wanaishi kando ya mito na mito inafurika, huhitaji nyotamkia. Lakini pia uliza nani aliikusanya na lini. Mfano wa kwetu: Moritz Merker, afisa wa jeshi la Kijerumani, alichapisha mwaka 1904 kisa cha Wamasai cha Tumbainot, mtu mwema anayejenga safina, anaingiza familia na wanyama, anamtoa njiwa, mwishoni upinde wa mvua. Unasoma unasema huyu si Nuhu kabisa? Na Merker alikuwa anaamini Wamasai wana asili moja na Waisraeli, so alikuwa anakitafuta alichokipata, kwenye nchi ambayo wamisionari walikuwa wameshaingia. Sisemi Wamasai walidanganya wala yeye alidanganya. Nasema kisa kama hicho hukiweki kwenye jedwali kama shahidi huru.

Sasa msije mkadhani ngano hazibebi kitu. Zinabeba, na hapa ndipo somo linaponoga. Pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, wenyeji wanasimulia vita vya Ndege wa Radi na Nyangumi, ardhi inatetemeka, bahari inapanda, vijiji vinaondoka usiku. Miaka ya themanini wanajiolojia wakakuta misitu ya mierezi iliyokufa imesimama kwenye maji ya chumvi kwa sababu ardhi ilididimia, pete za miti zikaonyesha ilikufa majira ya baridi kati ya 1699 na 1700, na huko Japani kumbukumbu zilizoandikwa zinataja wimbi lililokuja bila tetemeko lolote kusikika. Ukilirudisha nyuma lile wimbi unafika tarehe 26 Januari 1700, usiku. Udongo, mti, karatasi, na kisa, vinne visivyofahamiana, vinakutana.

Au kisiwa cha Simeulue, Indonesia. Wimbi la 1907 liliwaachia neno moja, smong, na maelekezo: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Desemba 2004 wimbi lilipokuja tena watu karibu elfu 78 walikuwa kisiwani, waliokufa 7. Angalia lakini ni miaka 97 tu, bibi kwa mjukuu, jambo lenyewe dogo na la vitendo. Sio sayari.

Kilichonibadilisha zaidi ni kuangalia nyumbani. Wachaga wanasimulia Mawenzi, kilele cha Kilimanjaro, alikuwa anaenda kwa kilele mwenzake Kibo kila mara kuomba moto, akizimika anarudi, akizimika anarudi, mpaka Kibo akachoka akampiga mchi, ndo maana Mawenzi amechongoka vile. Kisa kizuri mno, moto na kila kitu, ukikitaka kiwe ripoti ya mlipuko kinakubali. Lakini Mawenzi ilizima zaidi ya miaka laki nne iliyopita, binadamu kama sisi hawakuwepo, na iliyoichonga ni mvua na barafu. Kisa kinaeleza umbo watu wanaloliona kila asubuhi. Upande wa pili una kimondo cha Mbozi, chuma cha tani kama 16 kilichotoka angani, hakikuacha hata shimo ardhini, na simulizi ya mtu aliyekiona kikishuka haipo. Na Pangani, mwaka 2020 watafiti walichapisha habari za tabaka la mchanga wa tsunami wa miaka kama elfu moja iliyopita, ndani yake mifupa ya watu. Kwa hiyo hapa hapa Tanzania tuna kisa kisicho na tukio, na matukio yasiyo na kisa, na mtu anayekwambia ngano ni kamera mpeleke akaone vyote vitatu kwa nauli ya basi.

Kwa kazi zenu, anzeni na ardhi. Mkiwa na tabaka lenye tarehe ndipo mtafute kisa, sio kinyume, na kisa mkisome kwenye tafsiri ya mtu anayejua ile lugha, chote, sio mstari uliokatwa na mwingine. Kama janga lenu ni la dunia nzima basi kachungulieni barafu ya Greenland, ina matabaka ya mwaka kwa mwaka, vumbi la nyotamkia lingekuwepo pale.

Na jambo la mwisho nawashauri mfanye kwa mikono yenu, wekeni daftari la Zuhura. Jioni na alfajiri, tarehe tu. Mimi ninalo. Mwezi wa tatu 2025 ilipotea magharibi, nikaja kuiona mashariki alfajiri mwanzoni mwa mwezi wa nne, nikaandika. Juzi nimelifungua kunakili kwenye kompyuta, 4 yangu inafanana na 9, nikachapa 9, nikajaza safu ya pili kwa uangalifu: haikuonekana miezi sita.