Bastola ya bei rahisi inakwama: nitengeneze au ninunue nyingine?

Kaka, nimekuelewa: ulitoka Lubumbashi, sasa uko Texas, na bastola ya milimita 9 uliyonunua kwa bei ya chini inakwama karibu kila risasi ya nne. Usiiuze bado. Mara nyingi kosa liko kwenye magazini (kasha linalobeba risasi): midomo yake ikipinda kidogo, risasi inaingia kwa pembe mbaya. Jaribu magazini mpya ya kiwandani, safisha, paka mafuta, kisha piga risasi 200 za kawaida za grein 115 (grein ni kipimo cha uzito wa risasi), zenye ncha ya mviringo. Ikiendelea kukwama, ipeleke kwa fundi wa silaha. Usisugue chuma mwenyewe.

Ukibadilisha, Glock 19 iliyotumika ni chaguo langu: inabeba risasi 15, na vipuri vyake viko kila mahali. Kama ile yako ni nzito, huenda ni kwa sababu sehemu ya juu, ile inayorudi nyuma ukipiga, ni kipande kikubwa cha aloi ya zinki. Kwenye bastola za namna hiyo, uzito wa sehemu hiyo ndio unaoizuia isifunguke mapema kwa nguvu ya mlipuko.

Kama uko kwa visa ya muda, muone mwanasheria kwanza. Na usithubutu kuileta nyumbani Kongo kwenye valizi.