Filimbi ilitushinda, tukaokolewa na njia ya kwa nkambo (bibi)

Mama uliyeuliza juzi namna ya kuwatoa watoto watatu kwenye simu wafanye mazoezi pamoja na wazazi, na ukasema ile baiskeli ya kukanyagia ndani mliyonunua sasa inaanikiwa nguo: pole, na karibu kwenye chama. Wengi wamekujibu upange ratiba, ubandike ukutani, utoe zawadi. Mimi nilipanga, nikabandika, nikatoa zawadi, na haikumaliza mwezi. Nakueleza ya kwangu, utachukua litakalokufaa.

Sisi tuko Lubumbashi, kusini mwa Kongo, komini (sehemu ya mji) ya Kamalondo. Kazi yangu ni makaratasi ya forodha. Nakaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni, na siku nisipokaa ofisini nakaa garini kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mwaka 2023 presha ilipanda na daktari akaniambia nitembee. Watoto wakati huo walikuwa na miaka 11, 8 na 5: kijana, binti, na muziwanda wetu. Nikajiambia, kama baba anaanza, basi nyumba nzima ianze.

Nikanunua filimbi, ile ya chuma ya marefa. Mwezi wa sita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikasimama kwenye korido nikaipuliza. Anayeujua mwezi wa sita wa Lubumbashi anajua nilichokifanya: ni baridi ya kutoa moshi mdomoni, na vumbi jekundu la kiangazi halijatulia hata usiku. Tulikimbia kuzunguka mtaa mara mbili, mimi mbele nahesabu, kijana nyuma amevuta kofia ya sweta hadi puani ili wenzake wasimtambue. Siku ya nne binti alianza kukohoa, kifua kikapiga mluzi kuliko filimbi yangu. Ana pumu. Nilikuwa najua ana pumu. Mke wangu hakusema neno, alimchukua mtoto, akamwekea dawa yake ya kuvuta, akaichukua filimbi kwenye meza na sijaiona tena hadi leo.

Hapo nikaacha. Wiki kadhaa hakuna aliyetembea, hata mimi.

Kilichotuokoa ni gia boksi. Mwezi wa nane gari lilikufa, fundi akasema wiki mbili, na mnajua wiki mbili za fundi. Sasa mama yangu, nkambo wa watoto, anakaa Katuba, komini nyingine ya mji, na kila posho ni lazima twende kula kwake. (Kwa wasio wa huku: posho kwetu ni Jumamosi, jina lililobaki tangu siku za kambi za migodi na mgao wa chakula. Jumapili tunaita yenga.) Pesa ya taksi ya watu watano kwenda na kurudi, wakati gari liko kwa fundi linakula, ilinikera. Nikasema tunaenda kwa miguu. Ni kama kilomita nne.

Siku ile ya kwanza tulitumia saa nzima na dakika ishirini. Muziwanda alikaa chini mara tatu. “Papa, mi nachoka. Unibebe.” Nilimbeba kipande, mgongo ukalia, nikamshusha. Mke wangu akamwambia ahesabu miti ya miembe upande wa kushoto, yeye angehesabu ya kulia, tuone nani atashinda. Akasimama. Tulipofika, mama alikuwa kwenye mlango wa uzio, mkono mmoja kiunoni. “Mulichelewa! Bukari inapola.” Bukari (ugali wetu) ilikuwa imepoa kweli, sombe (kisamvu) nayo ilikuwa imeshika ngozi juu, na sijawahi kuwaona watoto wangu wakila vile. Hakuna aliyeulizwa mara mbili kama ameshiba.

Wiki iliyofuata, posho asubuhi, kabla sijavaa viatu, muziwanda alikuja chumbani: “Papa, leo hatuende kwa nkambo?” Gari lilirudi mwezi wa kumi. Posho ya kwanza baada ya gari kurudi niliwaambia waingie. Binti akaniuliza kwa nini. Sikuwa na jibu.

Nimelifikiria sana jambo hili, maana ni miguu ileile na watoto walewale walionichukia mwezi wa sita. Naona tofauti ni kwamba filimbi ilikuwa inatuzungusha mtaa na kuturudisha palepale tulipotoka. Mtoto hana ujinga, anaona hakuna kilichokuwa kinatusubiri. Katuba kuna mtu mlangoni, na tukichelewa chakula kinapoa. Kwa hiyo, mama, kabla ya kutafuta ratiba tafuta mtu. Awe nkambo, shangazi, rafiki wa kanisani, mgonjwa wa kutembelewa, yeyote ambaye msipofika atauliza mko wapi.

Halafu njia yenyewe ina mambo. Kutoka Kamalondo unaanza na uwanja wa Mazembe, timu ya mpira, unaingia Kenya (Kenya ni komini ya mji wetu, si nchi, msitutafutie visa), unapita soko, na ukitaka kuzunguka kidogo unaupitia uwanja wa Kibassa Maliba, kisha Katuba. Kijana ni wa Mazembe. Binti ni wa Lupopo, kamrithi marehemu baba yangu aliyefanya kazi reli, na Lupopo ndiyo timu ya watu wa reli. Timu zote mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, na hawa wawili hubishana kana kwamba walikuwepo. Mazembe ya wasichana ilipochukua kombe la Afrika mwezi wa kumi na moja 2024, binti aligawanyika moyo kwa muda, kisha akatangaza kwamba atakuja kuichezea Mazembe, ila roho itabaki Lupopo. Ubishi huo unakula kilomita mbili bila mtu kugundua.

Na Kidiaba, bila shaka. Mwaka 2010 Mazembe ilipofika fainali ya kombe la dunia la vilabu kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, kipa Kidiaba alikuwa akisherehekea goli kwa kukaa chini, miguu imenyooshwa mbele, na kuruka-ruka kwa makalio kwenye nyasi. Fainali tulifungwa 3-0 na Inter, lakini ile sherehe haijafungwa hadi leo. Watoto wangu hawakuwa wamezaliwa na wote wanaijua. Karibu na uwanja kuna kipande cha majani, na ndipo muziwanda husimamisha msafara ili aonyeshe. Jaribu nyumbani kwako mara tano. Hutumii mikono wala miguu, ni tumbo na mgongo tu. Mimi nilifika ya pili nikabaki nimekaa, na mama mmoja aliyepita na beseni la ndizi kichwani akaniuliza, “Papa, unaumia?”

Sasa nikuambie lililonishangaza kuliko yote. Mama yangu ana miaka 71 na magoti yake ni ya miaka 71. Adabu ya kwetu ni kwamba mgeni haondoki peke yake, unamsindikiza. Mwanzo alitusindikiza hadi kwenye kona. Halafu hadi barabara kubwa, kwa sababu muziwanda alikuwa amemshika mkono na hakumaliza hadithi. Mwaka jana akaanza kufika hadi karibu na soko la Kenya, na hapo tatizo likazaliwa: nkambo hawezi kurudi peke yake, inabidi kijana amsindikize. Kijana akifika Katuba, nkambo anasema mjukuu hawezi kuondoka mikono mitupu, anampa karanga, anamsindikiza tena hadi kona. Posho moja tulimsubiri sokoni karibu saa nzima. Nikiwagombeza, mama ananiita “papa”, maana nimepewa jina la baba yake, basi yananiishia mdomoni. Magoti anasema yanauma asubuhi tu siku hizi.

Tukija kwenye hesabu, hapa ndipo wazazi tunajidanganya. OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020 inataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kumfanya apumue kwa nguvu kidogo. Sisi sasa tunatumia dakika 50 kwenda na 50 kurudi, kwa hiyo mimi posho moja inanipa theluthi mbili za kiwango cha chini. Nilijipongeza. Lakini mtoto wa miaka 5 hadi 17 anatakiwa apate wastani wa dakika 60 kila siku, jumla 420 kwa wiki, na siku zisizopungua 3 kati ya hizo ziwe na kitu cha kukaza misuli na mifupa, kama kuruka na kukimbia. Zile 100 za Katuba kwake hazifiki hata robo. Matembezi ya mwisho wa wiki yalikuwa dawa yangu mimi, wao yaliwapa mazoea tu. Zilizobaki ni za kutafuta katikati ya wiki, na shuleni usizitegemee sana. Shule waliyokuwapo wakati ule ilikuwa na saa ya michezo kwenye karatasi, na saa hiyo watoto walikuwa wakikaa darasani kurudia hesabu.

Tulizozipata ni hizi. Asubuhi sipeleki gari hadi mlangoni mwa shule. Naliacha mbali, tunatembea kama robo saa. Kijana ana miaka 13 sasa na hataki kuonekana na baba yake, basi yeye hutangulia hatua ishirini. Sawa, miguu ni yake, anatembea. Jioni uani kwetu kuna kamba ya kuruka iliyokatwa kwenye kamba ya kufungia mizigo, na kuna nzango. Nzango sikuileta mimi. Mke wangu jioni moja alimkuta binti na majirani wakiicheza vibaya, akafunga kitenge vizuri akaingia. Wasioijua: wawili mnatazamana, mnaruka na kupiga makofi kwa wimbo, mnashuka pamoja na kila mmoja anatoa mguu, na miguu inavyokutana ndiyo inayosema pointi ni ya nani. Unaweza kudhani ni mchezo wa watoto wadogo mpaka uruke dakika tano. Mke wangu aliwamaliza wote. Sikumbuki kumwona akicheka vile tangu harusi, na tangu jioni ile binti humwita nje yeye mwenyewe, sahani zikingoja.

Mambo ya tahadhari nayapitia haraka. Mwenye pumu asikimbizwe kwenye baridi na vumbi la alfajiri. Sisi kiangazi tunaondoka saa tatu, jua likishapasha, binti anafunga kitambaa puani, dawa yake iko mfukoni mwangu na siyo kwenye begi lililoachwa nyumbani. Masika mvua huku hupenda mchana, kwa hiyo tunawahi na kurudi mapema. Radi za Katanga si za mchezo: tukisikia ngurumo tunaingia dukani au nyumba ya mtu, hata kama hatumjui, na hatusimami chini ya mwembe. Pikipiki za taksi ndizo zinazoniogopesha zaidi, kwa hiyo muziwanda yuko upande wa ndani daima.

Kuna aliyesema humu kwamba watoto wa Afrika hawahitaji kufundishwa kutembea. Ana haki nusu. Watoto wa jirani za mama yangu Katuba wanachota maji kwa bidoni, wanaenda shule kwa miguu, jioni wanapiga mpira wa mifuko hadi giza. Hao uzi huu hauwahusu, na wengine wangefurahi kutembea kidogo chini ya hapo. Uzi ni wetu sisi tuliopanda kidogo, tukajenga uzio, tukanunua gari, tukampa mtoto simu ili asitoke kwenye uzio.

Simu sikuzinyang'anya, uliuliza hilo. Nilijaribu, ikawa vita. Kwenda Katuba zinabaki nyumbani, isipokuwa yangu, na hiyo ni kwa sababu mama hupiga tukiwa njiani kuuliza tumefika wapi. Kuhusu ile baiskeli ya ndani, iuze. Pesa yake nunua viatu vya mitumba vyenye soli nzima, jaribuni kila mtu akiwa na soksi, kikubwa kidogo kwa mtoto ni sawa, kinachobana usichukue hata kama ni bei rahisi. Na niandikie ndugu zenu wanakaa upande gani wa mji, tuone njia inapitia wapi.